Amri ya pili ni sanamu au jina la Mungu? Darasa la kipaimara limegawanyika

Mwalimu wa Kipaimara, Tukuyu
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Darasani nina watoto wa Kilutheri, na baadhi wana mzazi Mkatoliki au ndugu Waanglikana. Nikiuliza amri ya pili, mmoja anajibu "Usijifanyie sanamu ya kuchonga", mwingine "Usilitaje bure jina la Mungu". Sasa wanaambiana kwamba kanisa fulani lilifuta amri. Naomba msaada: hesabu hii inatofautianaje, na katazo lenyewe nilifundishe vipi bila mtoto kurudi nyumbani akachana picha ya Yesu iliyo ukutani kwa bibi yake?

Katekista, Iringa
Mwalimu, hakuna aliyefuta kitu. Kutoka 20:2-17 imo katika Biblia za makanisa yote hayo, ila amri hazikupewa namba. Kutoka 34:28 inasema ni kumi, basi. Agustino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliunganisha mstari wa 3 hadi wa 6 kuwa amri moja, kisha akaigawa tamaa mara mbili ili kumi zitimie. Wakatoliki na Walutheri wamemfuata. Wanatofautiana mwishoni tu: kwa Wakatoliki ya tisa ni mke wa mtu, kama mpangilio wa Kumbukumbu la Torati 5:21, kwa Walutheri ni nyumba ya jirani, kama Kutoka 20:17. Waanglikana, Waorthodoksi na makanisa yaliyomfuata mwanamatengenezo Calvin wanaitenga sanamu kuwa ya pili, na tamaa inabaki moja.

Tuhuma inatokana na kukariri. Katekisimu Ndogo ya Luther (kitabu kifupi cha mafundisho) ya mwaka 1529 inazitaja amri kwa kifupi, na maneno ya sanamu hayamo. Amri za Kikatoliki za kukariri ni hivyohivyo. Kwa hiyo wafunge katekisimu, wafungue Kutoka 20, wasome kwa sauti, na kila mmoja apige mstari wa penseli pale anapoona amri mpya inaanza. Watapata hesabu tofauti wao wenyewe. Ndipo uchore safu mbili ubaoni. Ukitanguliza safu, watabishania madhehebu na Kutoka hawataisoma.

Mchungaji mstaafu, Njombe
Hesabu ni jambo dogo, usiipe kipindi kizima. Kaa kwenye ndama wa dhahabu ambaye Haruni aliwatengenezea Waisraeli. Watoto wengi hudhani kosa la Haruni lilikuwa kumleta mungu mwingine. Wasomee Kutoka 32:5: anatangaza sikukuu kwa BWANA! Walitaka kumwabudu Mungu aliyewatoa Misri, lakini kwa umbo walilojitengenezea. Sababu ya katazo imo katika Kumbukumbu 4:15: siku ile Mungu aliposema nao mlimani Horebu hawakuona umbo lolote, walisikia sauti.

Halafu watakuuliza kuhusu makerubi (sanamu zenye mabawa) ya dhahabu ya Kutoka 25:18. Usikwepe. Mungu mwenyewe aliagiza yafanywe, tena nyoka wa shaba akaagizwa katika Hesabu 21. Nyoka huyohuyo mfalme Hezekia alimvunja vipandevipande (2 Wafalme 18:4), kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ni ileile. Kilichobadilika ni matumizi. Ndiyo maana Kutoka 20:5 inaongeza "usivisujudie wala kuvitumikia".

Katekista, Iringa
Naongezea. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulitenganisha kuabudu, ambako ni kwa Mungu peke yake, na heshima inayopita kwenye picha kumfikia yule aliyechorwa. Kwetu huku binti hupiga goti kumsalimia mzee, na hakuna anayesema amemwabudu. Ibrahimu naye aliinama mbele ya wana wa Hethi, Mwanzo 23:7.

Msomaji, Mbeya mjini
Mfano wa goti haunitoshi. Mzee anasalimiwa akaitikia, sanamu haiitikii. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, ya makanisa yaliyomfuata Calvin, swali la 98, inakataa hata picha za kuwafundishia wasiosoma: Mungu anataka watu wake wafundishwe kwa Neno linalohubiriwa. Mwalimu, wape watoto na upande huu. Na kipimo wapimiwe kwa matendo: mtu anaweza kuomba picha isipokuwepo? Anaiomba yenyewe imlinde? Anaamini ya nyumba hii ina nguvu kuliko ya nyumba ile? Akijibu ndiyo kwa hayo mawili ya mwisho, hapo hata Mkatoliki atakwambia ni kosa.

Katekista, Iringa
Kweli kabisa, hapo tuko pamoja.

Mchungaji mstaafu, Njombe
Kuhusu bibi: Machi 1522 Luther alirudi Wittenberg akakuta sanamu zimeanza kuvunjwa, akahubiri mfululizo siku nane kupinga fujo hizo. Hoja yake ilikuwa kwamba Neno liing'oe sanamu moyoni kwanza. Hezekia alikuwa mfalme, alivunja kilichokuwa chini ya mamlaka yake. Mtoto hana mamlaka juu ya ukuta wa bibi. Akiichana ile picha, amevunja amri ya kuwaheshimu wazazi, na hiyo mwonyeshe ubaoni: ya nne katika safu moja, ya tano katika nyingine.