Jamu ya rasiberi ya Perthshire: Aldi, Tesco, Scotmid au msambazaji?

Mzani
Wakuu, naomba ulinganisho. Kiwanda kidogo Perthshire, Uskoti. Jamu ya rasiberi gramu 340, uwezo chupa 600 kwa wiki, cheti cha SALSA (cha usalama wa chakula kwa wazalishaji wadogo) kipo. Chupa ikishajazwa na kuingia kwenye katoni imegharimu £0.95. Kila supamaketi inajinadi kuwabeba wazalishaji wa Uskoti. Pa kuanzia ni wapi: Aldi kwa oda ya mara moja tu, Tesco kwa maduka ya Uskoti tu, maduka ya ushirika wa Scotmid, au kupitia msambazaji?

Ghala7
Anza na ukubwa wa oda, jina la duka baadaye. Aldi ina maduka zaidi ya 100 Uskoti, lakini hubeba aina 2,000 hivi tu za bidhaa. Ndiyo maana wadogo wengi huingia kwa msimu: mzigo unakuja, unaisha, basi. Tuseme kila duka lipewe katoni 5 za chupa 6. Hizo ni chupa 3,000, yaani wiki tano za kiwanda chako. Kwa jamu inawezekana, maana hukaa mwaka na zaidi. Unapika na kulimbikiza. Mwenye jibini laini asijaribu.

Panapouma ni kwenye fedha. 3,000 × £0.95 ni £2,850 iliyotoka kabla ya ankara. Jumlisha wiki tano za kupika na siku 30 za kungoja malipo: zaidi ya miezi miwili hela iko nje. Na maduka madogo uliyozoea kuyahudumia kila wiki hayapati kitu muda wote huo. Uzuri wake ni kwamba unashusha mahali pamoja, ghala la Aldi lililoko Bathgate, badala ya kuzunguka na gari.

BintiPwani
Kabla ya kuchagua, rekebisheni hesabu ya faida, wengi huanguka hapa. Duka likisema linataka 35%, ni 35% ya bei ya rafuni, si nyongeza juu ya bei yako. Jamu ya £3.20 (haina VAT) inakuachia £2.08. Anayegawa 3.20 kwa 1.35 anapata £2.37 na kudhani mambo yako sawa. Tofauti ni senti 29 kwa chupa. Kwa chupa 600 ni £174 kila wiki, mshahara wa mtu umeyeyuka kwenye kikokotoo.

Sasa weka msambazaji katikati, mfano Cress Co wa Dunfermline au Green City wa Glasgow. Akichukua 25%, £2.08 inakuwa £1.56. Toa gharama yako, zinabaki senti 61. Ni kidogo, ila gari, dereva na kufuatilia madeni ya maduka arobaini ni kazi yake. Kwa chupa 600 kwa wiki mimi ningeanzia hapo pamoja na Scotmid, Aldi ije mwaka wa pili.

MlinziWaRafu
Sikubaliani kabisa na BintiPwani kwenye msambazaji, na sababu yangu ni ya kisheria. Kanuni ya ugavi wa vyakula ya Uingereza, inayotumika tangu Februari 2010, inazibana supamaketi zenye mauzo ya vyakula ya zaidi ya £bilioni 1 kwa mwaka. Tesco, Aldi, Lidl, Morrisons, Co-op zimo. Supamaketi haiwezi kubadili mkataba kwa kurudi nyuma, haiwezi kukudai malipo ya bidhaa zilizoibwa dukani, na ikitaka kukuondoa rafuni lazima itoe taarifa ya muda unaofaa.

Lakini anayelindwa ni aliyeuza moja kwa moja. Ukipitia msambazaji, mwenye mkataba na supamaketi ni yeye, wewe uko nje. Scotmid nayo haimo kwenye orodha. Ni ushirika wa Edinburgh wenye mizizi ya mwaka 1859, haufiki kiwango hicho. Usiuchanganye na Co-op ile kubwa.

Na msidhani kanuni ni pambo. Msimamizi wake aliikuta Tesco na kosa la kuchelewesha malipo mwaka 2016, na Co-op mwaka 2019 kwa kuondoa bidhaa bila taarifa ya kutosha. Tangu 2015 anaweza kutoza faini hadi 1% ya mauzo ya Uingereza. Aldi imeongoza kura za wanaoziuzia supamaketi kuhusu kufuata kanuni kwa miaka mingi.

BintiPwani
Sawa, mkuu, nimekubali upande wa sheria. Ila ulinzi haulipi dizeli. Kwa Scotmid aandike mwenyewe kwenye mkataba: malipo siku 30, taarifa ya kuondolewa wiki 12, nani anabeba chupa zilizovunjika.

Mlipakodi
Nyongeza fupi kwa wanaofikiria bidhaa nyingine. Biskuti za siagi hazina VAT. Zikipakwa chokoleti, 20%. Ile peremende yao ya sukari na maziwa iitwayo tablet, 20%. (Mwaka 2014 mahakama ya kodi ilikaa kuamua kama snowball, vitafunwa laini vyenye nazi vya kampuni za Tunnock's na Lees, ni keki. Ikasema ni keki, VAT sifuri.)

Jini (kile kileo, gin) ndiyo hesabu chungu. Chupa ya 70cl yenye alkoholi 40% ina yuniti 28 (yuniti moja ni mililita 10 za alkoholi halisi), na bei ya chini kisheria Uskoti tangu 30 Septemba 2024 ni senti 65 kwa yuniti: £18.20. Toa VAT, inabaki £15.17. Ushuru uliowekwa Februari 2025, £32.79 kwa lita ya alkoholi halisi, ulikula £9.18. Kwa ushuru huo mligawana £5.99: duka, chupa, kizibo na jini yenyewe. Baki na jamu.

Mzani
Shukrani. Nikipata oda ya moja kwa moja, ghala hukataa mzigo kwa sababu zipi?

Ghala7
Mara nyingi ni haya. Msimbopau wa katoni ni ule ule wa chupa. Katoni inataka wake, wa tarakimu 14, na uchapwe pande mbili zinazopakana, la sivyo paleti (jukwaa la mbao la kubebea mzigo) ikigeuzwa hausomeki. Paleti si ya 1200 × 1000 mm au katoni zimetokeza nje ya ukingo. Tarehe mbili tofauti za mwisho wa matumizi kwenye paleti moja. Umefika nje ya saa uliyopangiwa. Kabla ya kupakia, skani katoni tatu kwa kifaa cha kweli, si kwa simu.

MlinziWaRafu
Na lebo. Ukiandika "Jamu ya Uskoti" na rasiberi zimetoka Poland, lebo lazima iseme kwamba tunda halikutoka Uskoti. Matunda yasipungue gramu 35 kwa kila 100 za jamu. Ukitaka kuiita ya daraja la juu, gramu 45. Msimu wa rasiberi wa Perthshire na jirani yake Angus ni mfupi, kwa hiyo nunua na kugandisha Julai, kisha tunza risiti za mkulima kwa namba ya kundi. Mkaguzi wa SALSA atachagua chupa moja na kukutaka uifuatilie hadi shambani.