Hosteli za Berlin na Amsterdam: bei ya kitanda ndiyo ya mwisho, au kuna mengine?

Kibegi_Mgongoni

Wakuu habari za humu. Mwezi wa tano natarajia kwenda Berlin usiku 6, kisha Amsterdam usiku 4. Hoteli hazishikiki, kwa hiyo nimeangukia hosteli. Si hizi za wanafunzi tulizozoea Bongo, bali zile za wasafiri, unalipia kitanda kimoja kwenye chumba cha watu 8 au 12. Berlin naona euro 28. Hiyo ndiyo bei kamili? Ubalozini wanaikubali buking ya namna hii? Na pasi ya kusafiria na kompyuta navilinda vipi nikiwa nimelala na watu nisiowajua?

Mzee_wa_Reli

Karibu mkuu. Hiyo euro 28 mara nyingi haijaingiza kodi ya jiji. Berlin ni asilimia 7.5 tangu Januari 2025, Amsterdam asilimia 12.5 tangu 2024. Kitanda cha euro 40 Amsterdam kinaongezeka karibu euro 5 kila usiku, na hizo unadaiwa mapokezini siku ya kufika. Soma pia maandishi madogo kuhusu shuka (kuna wanaolipisha euro 3 hadi 5) na taulo, ambalo karibu kote ni la kukodi. Beba lako jembamba linalokauka haraka. Usibebe blanketi wala mfuko wa kulalia, hosteli nyingi zinakataza kwa kuogopa kunguni.

Angalia kalenda. Alhamisi ya Kupaa Bwana huangukia mwezi wa tano mara nyingi, watu wanaunganisha na wikiendi na bei inapaa kweli. Tena mwezi huo hosteli kubwa za Berlin zinajaa wanafunzi wa safari za shule. Kelele za korido saa sita usiku ni zao, kwa hiyo vizibo vya masikio usivisahau.

Viza: buking ya hosteli inakubalika, mradi jina lifanane na la kwenye pasi na usiku wote 10 uonekane bila pengo. Kwa kuwa Ujerumani unakaa usiku mwingi zaidi, maombi yanakwenda kwao, si kwa Waholanzi. Chukua buking inayofutika bure, maana viza ikikataliwa ile isiyorejeshwa imekula kwako.

Fundi_Kufuli

Nijibu la pasi. Loka (makabati madogo ya kufungia vitu) zipo, kufuli huwa hakuna, au linauzwa mapokezini kwa bei ya kuruka. Nunua kabla ya safari, la namba, chuma chake cha juu kisizidi milimita 6. Kosa la wengi ni kubeba kufuli nene la geti: halipiti kwenye tundu la loka, unabaki umelishika mkononi. La ufunguo nalo si baya, ila ufunguo ukipotea watakuja na mkasi wa chuma na kufuli limekufa.

Loka nyingine ni ndogo, begi kubwa haliingii. Pasi, pesa na kompyuta viwe kwenye kibegi kidogo kinachoingia popote. Ukienda kuoga, simu usiiache ikichaji kitandani. Vitu vinavyopotea hosteli vingi ni vya namna hiyo, vilivyoachwa wazi dakika kumi.

Plagi zetu za pini tatu bapa hazifai kule, wanatumia pini mbili za duara. Soketi ya Mjerumani imezama ndani kama kikombe, na zile adapta kubwa za mraba za "dunia nzima" hazifiki chini, zinaning'inia na kuanguka. Tafuta adapta ndogo ya duara.

Bi_Mkunazini

Mwanangu, omba kitanda cha chini. Ukipata dabodeka isiyo na pazia, chukua kanga moja, ingiza upindo wake chini ya godoro la juu, iachie ining'inie. Umeshapata chumba chako. Kwa wanawake, vyumba vya wanawake peke yao vipo, vinazidi bei kidogo tu.

Kabla hujatandika, washa tochi ya simu, inua shuka kwenye pembe za upande wa kichwa, kagua mshono wa godoro na nyufa za mbao. Kunguni huacha vidoa vyeusi kama wino wa kalamu, ukivipangusa kwa kitambaa chenye maji vinasambaa. Ukiviona, piga picha, udai chumba kingine kabisa. Kitanda cha pili yake hakisaidii, wanatembea ukutani. Nguo zifuliwe kwa nyuzi 60 au zikaushwe kwenye mashine yenye moto mkali.

Na tuseme wazi: chooni hakuna bomba la kuchambia, ni karatasi tupu. Chupa tupu ya nusu lita yenye mdomo mpana inamaliza shida hiyo. Ndala za bafuni usiache.

Kibegi_Mgongoni

Shukrani sana, mama, nawe mkuu. Je, kupika? Na ndege inatua saa 12 asubuhi, naambiwa kuingia ni saa 9 alasiri.

Mzee_wa_Reli

Begi wanakuwekea, bure au kwa euro chache. Uliza kama kuna bafu la chini unaloweza kutumia kabla ya kupewa kitanda.

Jiko si kila hosteli inalo, hasa Amsterdam, kwa hiyo chuja kwa jiko kabla ya bei. Chakula cha friji kiandike jina na tarehe ya kuondoka, kisicho na jina kinatupwa. Jumapili maduka ya Berlin hufungwa isipokuwa machache ya kwenye stesheni kubwa, nunua Jumamosi. Huko Berlin chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji vina amana ya senti 25, rudisha kwenye mashine ya supamaketi.

Jambo la mwisho ni kadi. Ile ya namba tupu ya kwenye simu inafanya buking vizuri, lakini mapokezini wanaweza kutaka kadi ya kushika mkononi kwa ajili ya dhamana. Tena siku ya kufuta bure ikipita, hosteli inakata pesa yenyewe. Ikikuta salio sifuri, buking inafutwa, na kama ubalozi bado unashughulikia faili lako, wakipiga simu kuhakiki wataambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Weka salio siku mbili kabla.