Je, umri wa kununua tiketi za bahati nasibu upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21?

Mkazi wa Kirumba:
Ndugu zangu, naomba maoni yenu. Kwa sheria yetu ya Tanzania, mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza michezo ya kubahatisha, na tiketi za bahati nasibu zimo humo. Uingereza walimruhusu kijana wa miaka 16 kununua tiketi za bahati nasibu yao ya taifa tangu ilipoanza mwaka 1994, hadi mwaka 2021 walipopandisha umri kuwa miaka 18, wakaanza na mauzo ya mtandaoni mwezi Aprili na kumalizia na ya madukani mwezi Oktoba. Jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2016, walikwenda mbali zaidi wakaweka miaka 25.

Nauliza kwa sababu ninaishi na mpwa wangu wa miaka 17 anayebeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza. Jioni hurudi vumbi la dagaa likiwa bado limemganda mikononi, akaketi kizingitini, na kabla hajanawa hufungua simu kuangalia namba zilizotoka. Tukipandisha umri hadi miaka 21, tutakuwa tumemsaidia kijana kama huyu?

Mwalimu mstaafu, Nyegezi:
Mimi naunga mkono. Kati ya miaka 18 na 21 ndipo kijana anaposhika fedha yake ya kwanza bila mtu wa kumwuliza ameitumiaje, na mazoea ya wakati huo hayamwachi upesi. Marekani majimbo mengi yameweka miaka 18, lakini Nebraska ni 19, na Iowa na Arizona ni 21, kwa hiyo hatutakuwa tumezua jambo geni. Wako wanaosema kwamba anayepiga kura akiwa na miaka 18 aachiwe pia tiketi. Nami nasema kura haimmalizii mtu nauli.

Wakala, Igoma:
Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, sikubaliani nawe. Mimi ni wakala wa fedha za simu, na ninachokiona kila siku ni kwamba mfumo unamjua mwenye laini, haumjui aliyeishika simu. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mtu mzima, hivyo mtoto anayecheza anacheza kwa jina la mama yake au la bibi yake.

Mwezi uliopita bibi mmoja muuza sangara alinilalamikia kwamba salio lake linayeyuka. Tulipofungua taarifa ya miamala tukakuta shilingi 500 imekatwa mara tisa katika usiku mmoja, na mjukuu aliyemsindikiza akawa anatazama viatu vyake. Wekeni miaka 21, wekeni hata 25, bibi huyo bado ataruhusiwa. Na yale madubwi, mashine za kamari za vibandani, ndiyo kabisa, hayaulizi kitambulisho, yanauliza sarafu ya mia mbili tu.

Mwalimu mstaafu, Nyegezi:
Marahaba. Hapo umenishika, ila si pote. Hata Uingereza wasiwasi mkubwa ulikuwa juu ya kadi za kukwangua na michezo ya mtandaoni inayotoa jibu papo hapo, kuliko droo ambayo mtu huingoja kwa siku kadhaa. Basi umri upandishwe kwa michezo hiyo ya papo hapo kwanza, na muuzaji atakayemwuzia mtoto awajibike yeye, si mtoto.

Mkazi wa Kirumba:
Nawashukuru nyote wawili. Baada ya kusoma maneno ya Wakala, nimemwuliza mpwa wangu laini yake imesajiliwa kwa jina la nani. Ni jina langu. Nilimwekea kidole mwenyewe alipoingia kidato cha tatu ili aweze kupokea fedha za matumizi, nikasahau. Ndugu Wakala, je, ninaweza kufungiwa malipo ya michezo hii peke yake, laini ikabaki ikipokea fedha kama kawaida?