Soda isiyo na sukari na kupunguza uzito: mbona mizani imegoma?

Mhasibu_wa_Tabata:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Dar es Salaam, na kazi yangu ni ya kukaa mezani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Urefu wangu ni sentimita 162, na nilipopimwa mwanzoni nilikuwa na kilo 91. Kwa miaka mingi nimekuwa mnywaji wa kola: chupa moja ya plastiki ya nusu lita na chakula cha mchana, na nyingine jioni nikiwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Kwa kweli, sikuwahi kuihesabu soda kuwa chakula. Daktari aliponieleza kwamba shinikizo la damu limeanza kupanda na kwamba sina budi kupungua, nilihamia mara moja kwenye soda isiyo na sukari, chupa mbili zilezile, kwa saa zilezile.

Katika wiki nne za mwanzo nilipungua kilo 2, nikafurahi mno. Sasa nimo katika wiki ya tisa na mizani haisogei hata kidogo. Dada yangu anashikilia kwamba soda hizo ndizo zinazonizuia, kwa kuwa utamu wake huudanganya mwili ukaweka akiba ya mafuta. Mfanyakazi mwenzangu naye anasema ni heri nirudi kwenye ya sukari, kwani hizi zinaleta saratani. Naomba kujua mambo mawili: je, soda isiyo na sukari inaweza kumzuia mtu asipungue, na je, nikiendelea na chupa mbili kwa siku ninajidhuru?

Babu_Ramani (Mwanza):

Binti yangu, mimi si mtaalamu, ila nimepita njia hiyo. Nilipoanza kunywa hizo za zero nilijiona nimekwisha lipa deni, kwa hiyo kila nikiagiza zero nilijiruhusu na chipsi mayai, na mara nyingine mshikaki wa ziada. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimeongezeka kilo moja na nusu, na lawama zote nikaitupia soda. Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini siku hizi naagiza sahani kubwa kuliko zamani.

Mkufunzi_Lishe:

Dada, nimefundisha masuala ya lishe kwa muda mrefu, na swali lako huulizwa kila muhula. Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza zile kilo 2 zilikotoka.

Kola ya kawaida ina takriban gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita ina gramu 53, ambazo ni kalori 210 hivi. Chupa zako mbili zilikuwa zikikupa gramu 106 kwa siku, yaani zaidi ya vijiko 26 vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Ulipobadilisha soda uliondoa kalori 420 kila siku. Kwa wiki nne hizo ni zaidi ya kalori 11,700, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700, ungetarajia kupungua kilo moja na nusu hivi, na pengine maji kidogo juu yake. Kwa hiyo soda ilifanya kazi yake kama hesabu inavyotaka. Haikuongeza kitu chenyewe. Iliacha tu kuleta kilichokuwa kikiletwa na ile ya zamani.

Ndiyo maana sioni ajabu kwamba mizani imesimama. Soda isiyo na sukari haina nguvu ya kuyeyusha mafuta. Faida yake hupatikana mara moja, pale inapochukua nafasi ya soda ya sukari, na baada ya hapo mwili hutulia katika uzito unaolingana na chakula kinachobaki. Tena mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko ulivyokuwa ukitumia mwanzo. Kwa hiyo kabla sijasema lolote zaidi, naomba utuandikie bila aibu kila kinachoingia kinywani mwako kwa siku mbili, pamoja na chai na juisi.

Fundi_Sharifu:

Kwa heshima zote, Mkufunzi, naona umelipita jambo zito. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa mwongozo likishauri kwamba viongeza utamu visivyo na sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Mwezi Julai mwaka huohuo, taasisi yake ya utafiti wa saratani iliiweka aspatemu, kiongeza utamu kilichomo katika soda nyingi za zero, katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Iweje tumwambie dada huyu kwamba soda imefanya kazi yake, wakati wakubwa wa afya duniani wanasema isitumiwe?

Mkufunzi_Lishe:

Ndugu Sharifu, umesema kweli juu ya maamuzi yote mawili, na sitaki kuyapunguzia uzito. Ila ni vema tusome kilichoandikwa mpaka mwisho.

Mwongozo wa Mei 2023 ni pendekezo lenye masharti, si katazo, na hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Waandishi wake walipotazama majaribio ambayo watu hugawanywa kwa bahati nasibu, waliona kwamba wanaotumia viongeza utamu walipungua zaidi kidogo kuliko wenzao, kwa wastani usiofika kilo moja, hasa walipolinganishwa na wanywaji wa sukari. Walipotazama tafiti zinazofuatilia watu kwa miaka mingi bila kuwapangia la kunywa, waliona kinyume: wanaotumia vitu hivyo walikuwa na uzito mkubwa zaidi na kisukari zaidi. Hapo ndipo mgogoro ulipo. Ukisimama mlangoni mwa kliniki ya kisukari ukahesabu wanaokunywa chai isiyo na sukari, unaweza kuondoka ukiamini kwamba chai hiyo huleta kisukari. Anayehamia kwenye soda ya zero mara nyingi ni yule ambaye tayari suruali imembana au daktari amemwonya, na shirika lenyewe lilikiri kwamba hali hiyo huenda ndiyo iliyoyapotosha matokeo. Ndiyo sababu pendekezo likawa la masharti.

Zipo tafiti zilizolinganisha soda hizi na maji, na hazikubaliani. Jaribio lililofanyika Liverpool, Uingereza, liliwashirikisha watu 493 waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Baada ya wiki 52, waliokunywa vinywaji vyenye viongeza utamu walikuwa wamepungua kilo 7.5 kwa wastani, na wa maji kilo 6.1, ila msomaji ajue kwamba gharama zililipwa na chama cha kampuni za vinywaji za Marekani. Nchini Iran, jaribio dogo la wanawake 62 kwa wiki 24 lilitoa jibu lingine: waliokunywa maji baada ya chakula cha mchana walipungua kilo 8.8, na wa soda ya daiti kilo 7.6. Nikiyaweka pamoja, ninaloliona ni kwamba tofauti kati ya maji na soda ya zero ni ndogo na inayumba, lakini tofauti kati ya hizo mbili na soda ya sukari haiyumbi. Kule Uholanzi, watoto 641 walipewa kinywaji cha mililita 250 kila siku kwa miezi 18, wengine chenye sukari na wengine kisicho nayo, bila wao kujua ni kipi; wa sukari waliongezeka kilo 7.37 na wengine kilo 6.35.

Kuhusu saratani, kundi lililotajwa huitwa 2B, na maana yake ni kwamba ushahidi uliopo ni hafifu lakini hauwezi kupuuzwa. Katika kundi hilohilo imo dondoo ya jani zima la mshubiri, ambao najua baadhi yetu tunaukamua na kuunywa asubuhi tukidhani tunasafisha damu. Kamati ya wataalamu wa viongeza vya chakula ilipitia suala hilohilo wakati huohuo ikabakiza kiwango cha zamani: hadi miligramu 40 za aspatemu kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Ikichukuliwa kwamba kopo moja lina miligramu 200 hadi 300, mtu mzima wa kilo 70 angevuka kiwango hicho kwa makopo zaidi ya 9 hadi 14 kwa siku. Chupa mbili za dada hazikaribii hapo.

Fundi_Sharifu:

Nimekuelewa kuhusu saratani. Je, hilo la mwili kudanganywa? Hata mimi nimelisikia mara nyingi, kwamba ulimi ukionja utamu kongosho humwaga insulini, sukari ya damu ikashuka na njaa ikakushika.

Mkufunzi_Lishe:

Wazo hilo lina mantiki, ila katika majaribio mengi ya binadamu aspatemu haikupandisha sukari ya damu wala insulini kwa kiasi cha kutajika. Hali si moja kwa viongeza utamu vyote. Utafiti wa Israel uliochapishwa 2022, wenye watu wazima 120 ambao hawakuwa na mazoea ya vitu hivi, ulionyesha kwamba sakarini na sukralosi zilibadilisha namna mwili unavyopokea sukari, pamoja na vijidudu vya utumbo, ndani ya wiki mbili tu. Kwa hiyo anayesema ni vitu visivyogusa mwili hata kidogo naye anakosea. Soma lebo, aghalabu ni mchanganyiko wa viwili au vitatu. Na mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambao ni nadra, asiiguse aspatemu kabisa.

Bi_Mwanaasha (Unguja):

Mdogo wangu, mimi nataka kuugusa ulimi, kwani naona wote mnazungumza juu ya kiuno tu. Nilikunywa zero miaka miwili na uzito haukunitesa, lakini kila kitu kisichokuwa kitamu kilinichosha: maji nayaona mazito, embe naliona halijaiva, chai bila vijiko vitatu haishuki. Mwaka juzi Ramadhani ilipoingia niliamua futari yangu ianze kwa maji na tende, na nikiwa na hamu ya kitu kikali nakamua ndimu ndani ya maji baridi. Siku kumi za mwanzo nilikuwa mkali kwa kila mtu. Sikukuu ilipofika nikapewa soda kwa shemeji yangu, nikanywa mafunda mawili nikaiweka chini, kwa kuwa niliona kama shira ya kaimati. Sisemi zero ni sumu. Nasema iliniweka kizingitini, sitoki wala siingii.

Mhasibu_wa_Tabata:

Nawashukuru nyote. Nimeandika kama Mkufunzi alivyoagiza, na nakiri kwamba nimeona aibu. Chai ni vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Asubuhi maandazi mawili. Mchana wali maharage na mboga, pamoja na ile zero, na siku ya pili niliongeza glasi ya juisi ya parachichi yenye sukari kwa sababu nilijiambia kwamba ni tunda. Jioni, siku zote mbili, nilinunua chipsi mayai njiani. Babu wa Mwanza amenisema bila kunijua: zamani nilikuwa nikinunua chipsi Ijumaa tu, na tangu nihamie zero nimekuwa nikinunua karibu kila siku. Jambo jingine ni kwamba silali vizuri, na soda ya jioni huimaliza kama saa moja usiku.

Mkufunzi_Lishe:

Hakuna cha kuona aibu, dada. Wengi hawafiki hata kuandika. Chai yako peke yake ni vijiko tisa, karibu gramu 36, zaidi ya kalori 140. Kwenye chipsi shida kubwa ni mafuta: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120, kwa hiyo vijiko viwili tu vilivyonyonywa na viazi na mayai vinashinda chupa nzima ya kola uliyoiacha. Nafasi iliyoachwa na soda umekwisha kuijaza, na mizani inasoma hivyo.

Kuhusu soda, nisingekuambia uache zote kesho, maana nimeona watu wakiacha zero Jumatatu na kurudi kwenye ya sukari Alhamisi. Ondoa ya jioni kwanza, kwa sababu kola ya zero nayo ina kafeini na huenda inachangia kukunyima usingizi. Ya mchana inywe pamoja na chakula badala ya kuinywa fundafunda mchana kutwa, kwa kuwa asidi yake hula meno hata kama hakuna sukari. Kisha punguza chai kutoka vijiko vitatu hadi viwili, na baada ya wiki mbili hadi kimoja. Hapo ndipo ushauri wa Bi Mwanaasha utakapokufaa. Chipsi zirudi Ijumaa kama zamani. Na la shinikizo la damu mrudie daktari wako, usilisubirie mizani.

Mhasibu_wa_Tabata:

Nimekubali yote isipokuwa moja: jioni kwenye foleni, saa nzima na nusu bila kitu mkononi, nitafanyaje?

Bi_Mwanaasha (Unguja):

Chupa ya maji uiweke kwenye friji ya ofisini tangu asubuhi, na ndimu uikate kabla ya kutoka. Ukinunua maji barabarani, muuzaji huyohuyo ana soda kwenye ndoo, na wewe bado hujafika mahali pa kumwambia hapana.

Babu_Ramani (Mwanza):

Na upite njia isiyo na kibanda cha chipsi, hata kama ni ndefu.