Kanopi ina ufunguo, mlango wa chini hauna: nitie hendo ya ufunguo au komeo na kufuli?

koki_na_bomba
Wadau, salaam. Nina Hilux Vigo ya 2012, nimeitia kanopi, kile kibanda cha kufunika nyuma ya pikapu. Kioo cha nyuma cha kanopi kina ufunguo wake, lakini mlango wa pikapu wenyewe hauna. Ukivuta hendo, yaani mkono wa kufungulia, unalala chini, kioo kikiwa kimefungwa vilevile. Yaani nimekomea dirisha, mlango nimeuacha wazi.

Mimi ni fundi wa maji. Nyuma huwa nina drili, mashine ya kukata nyuzi za mabomba na koki za watu. Wiki iliyopita niko kwenye foleni ya feri, naangalia kioo cha pembeni, kijana ameshika hendo. Nikapiga honi. Akaipigapiga ile hendo kama anayeisifu, akaenda zake.

Sasa fundi mmoja wa kuchomelea huku Changamwe, Mombasa, anataka anitilie komeo la nje na kufuli. Muuza spea naye anasema ipo hendo nzima yenye tundu la ufunguo, inakaa palepale pa ile ya zamani. Nifuate yupi? Na hiyo hendo naweza kuiweka mwenyewe?

mzee_wa_gia
Kabla hujapewa ushauri wowote: mlango wako una hendo moja katikati, au ndoano mbili za pembeni? Kuna Hilux za kazi zenye ndoano za nje kila upande. Hizo hendo ya ufunguo haina pa kukaa, wewe ni komeo tu.

koki_na_bomba
Katikati, mzee wangu.

spana_kumi
Basi nunua hendo, na uiweke mwenyewe. Fundi wa maji akishindwa na nati mbili arudishe spana.

Laza mlango. Upande wa ndani kuna bati la kufunika, toa skrubu zake. Utaona mgongo wa hendo na fito mbili, moja inaenda kushoto na moja kulia, kwenye loki za pembeni. Kila ufito umeshikwa na klipu ya plastiki. Usiivute kwa nguvu! Izungushe kwanza iachie, ndipo utoe ufito. Plastiki iliyokaa miaka na joto la Mombasa inakatika kama biskuti, na klipu moja tu ni tabu kuipata. Kisha nati za hendo, mara nyingi ni spana namba kumi. Mpya inaingia hapohapo, hutoboi kitu. Akikuambia mtu lazima atoboe, hendo si ya gari lako.

Sasa sikiliza hapa. USIFUNGE MLANGO bado. Mlango ukiwa bado umelala chini, sukuma loki za pembeni kwa bisibisi mpaka zilie "ta", halafu vuta hendo. Zote mbili ziachie pamoja. Zisukume tena, funga kwa ufunguo, vuta: zisiachie. Rudia mpaka uridhike. Ufito ukichomoka mlango ukiwa umefungwa, lile bati liko ndani, na wewe una kanopi. Utaingia kwa kutambaa kupitia kioo, na tumbo la fundi mimi nalijua.

mama_vitunguu
Mnamsumbua kaka wa watu. Yangu ina komeo na kufuli, napakia Kongowea alfajiri, nazunguka mpaka Mtwapa, sijapoteza hata gunia. Kufuli linaonekana kwa mbali. Mwizi akiliona anatafuta gari jingine.

spana_kumi
Mama, kwa kuonekana umesema kweli. Lakini gari lako ni la ndoano, huna njia nyingine. Yeye akichomelea, moto unaunguza rangi mbele na nyuma ya bati, na nyuma hapaki mtu rangi. Kwa hewa yetu ya chumvi kutu itaanzia ndani, utaiona imeshatokeza nje. Akitaka komeo sana, alifunge kwa bolti, nati zikae ndani.

mama_vitunguu
Haya, hapo umenena.

chumvi_pwani
Ukienda dukani wacha ile ya kromu inayong'aa. Ukikaa karibu na bahari inafura vipele kisha inabanduka. Chukua nyeusi ya plastiki. Uliza pia hendo inavyofanya ikishafungwa: nyingine inagoma kabisa, nyingine inacheza bure bila kuvuta fito. Mimi naipenda ya pili, mtu akiikurupusha kwa nguvu havunji kitu. Na kama una kamera ya kurudi nyuma, angalia hendo ina nafasi yake.

Tundu la ufunguo usilitie oili ya injini kama wanavyofanya wengi. Inashika vumbi, inakuwa tope. Tia unga wa grafaiti, na uufungue ule mlango kwa ufunguo mara kwa mara hata kama huna haja. Kitasa kisichotumika huku kwetu kinaganda.

mzee_wa_gia
Na kanopi ni kioo, jiwe moja tu, imekwisha. Hendo itakusaidia kwenye foleni na ukiegesha dakika mbili. Usiku drili ilale ndani ya nyumba.

koki_na_bomba
Ahsanteni sana. Nimepata nyeusi, inayocheza bure ikifungwa. Nimeijaribu mlango ukiwa chini kama alivyosema spana_kumi, upande wa kulia ulikuwa unachelewa kuachia, nikazungusha kile kipande chenye nyuzi kama za skrubu mwisho wa ufito mpaka zikaenda sawa. Swali la mwisho: imekuja na ufunguo wake. Unaweza kufanywa uwe mmoja na wa gari?

chumvi_pwani
Kama umbo la tundu ni moja na la gari, fundi wa funguo hupanga vipande vya ndani ya tundu vikubali ule wa gari. Hendo nyingi za dukani umbo ni tofauti, hapo beba wa pili tu. Ila leo hii kachonge nakala, usingoje mpaka ubaki na mmoja.