Kochi, India: siku mbili twende wapi?

Wadau nampeleka mzee hospitali Kochi, tukimaliza vipimo tutabaki na siku mbili tupu kabla ya ndege, kuna cha kuona kweli ama tulale tu hotelini?

— Mlale tena?? Nendeni mtaa wa zamani wa Fort Kochi jioni mkaone zile nyavu za Kichina zinavyoshushwa majini, halafu kanisa la St. Francis, Vasco da Gama yule yule wa nguzo ya Malindi alizikwa hapo 1524, baadae mifupa ikahamishiwa Ureno.

— Mtaa wa Mattancherry usikose, kuna sinagogi la 1568, vigae vyake vya Kichina weee! Jumamosi wanafunga lakini.

— Mzee msimchoshe na foleni, pandeni boti za Water Metro, zina kiyoyozi na nauli ndogo. Kama ni Juni bebeni mwavuli, mvua ya huko si mchezo