Tupeane uzoefu: mlioacha ugali na wali, kipimo cha mafuta kilisemaje?

Mama Mapacha: Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwezi wa saba tangu niache ugali, wali na chapati. Nakula mayai, parachichi, mchicha na nyama. Nimetoka kilo 94 hadi 79, na ngazi za kazini napanda bila kushika ukuta. Jana nikapima mafuta kwenye damu: triglisaridi (aina ya mafuta ya damu) zimeshuka, HDL, ile kolesteroli nzuri, imepanda, ila LDL, ile mbaya inayoziba mishipa, imetoka 3.2 hadi 5.4. Daktari kaitazama karatasi, kanyamaza, kisha kaniuliza nakula nini. Usiku sikupata usingizi. Waliopita njia hii naomba mseme.

Fundi Rangi: Yaleyale yaliyonikuta mwaka jana. Niko hapa nasoma.

Mwana wa Pangani: Dada, usitishwe. Bibi yangu kala nazi maisha yake yote, kafariki na miaka 91 na jembe lake mkononi.

Nesi wa Zamu: Bibi yako alikula tui kwenye samaki na mboga, akalima tangu alfajiri. Watu sasa wanatia vijiko vitatu vya mafuta ya nazi kwenye kahawa halafu wanakaa kwenye kiti mpaka jioni. Mafuta ya nazi yanapandisha LDL, hilo limepimwa.

Dada wa Uyole: Mmenikumbusha kaka yangu. Alianza na kilo 112, akafika 90. Mayai sita asubuhi, makongoro mchana, samli kwenye kila kitu. Mtaa mzima ukamfuata kuomba ratiba. LDL ikaja 6.1, akasema kolesteroli ni biashara ya wauza dawa, karatasi akaiweka chini ya godoro. Jumamosi moja usiku kifua kikambana. Zahanati wakasema gesi, wakampa vidonge vya tumbo, tukarudi. Saa kumi alfajiri akaniita. Amekaa ukingoni mwa kitanda, kashika taya, shati limelowa kama katoka kuoga, na Uyole ile ya mwezi wa sita baridi mnaijua. Tukampakia kwenye bajaji, mimi nimemshika kichwa, naye anasema mkono wa kushoto hausikii. Hospitali wakampima moyo, wakampa aspirini atafune palepale. Mshipa ulikuwa umeziba. Mpaka leo nikisikia bajaji alfajiri naamka.

Fundi Rangi: Mungu mkubwa.

Mwana wa Pangani: Pole sana. Ila alikuwa havuti sigara?

Dada wa Uyole: Alivuta miaka 15, na baba yetu naye alikufa kwa moyo akiwa na 52. Sijasema mayai peke yake. Nasema karatasi ilimwambia, akaificha.

Nesi wa Zamu: Hapo ndipo penyewe. LDL ikivuka 4.9 si ya kusubiri, na kwenye ukoo wenye kifo cha mapema cha moyo wapimwe wote, hata wembamba.

Babu Sukari: Mimi hii njia imeniokoa, sukari imetoka 14 hadi 6. Lakini wenye sukari msianze kimyakimya. Niliacha wanga nikaendelea na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, kipimo kilekile, nikaanguka msikitini. Dawa lazima daktari aipunguze.

Mla Dagaa: Rudi kwenye ugali tu dada, dona kidogo, yaishe.

Fundi Rangi: Usirudi kwenye sahani ya mlima! Mimi niliacha samli na ngozi ya kuku, nikaweka dagaa, karanga, maharage na parachichi. Baada ya miezi mitatu LDL 5.0 ikawa 3.6. Kilo hazikurudi.

Mwana wa Pangani: Maharage ni wanga, umeshatoka kwenye diet.

Fundi Rangi: Nimetoka na moyo wangu, kaka.

Mama Mapacha: Asanteni. Samli naiacha leo, baada ya miezi mitatu napima tena, nitaleta majibu hapahapa. Dada wa Uyole, kaka anaendeleaje?

Dada wa Uyole: Yupo. Atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, kila usiku, na ile karatasi kaibandika mlangoni mwa kabati la vyombo.